Bei za dagaa kutoka mialoni: maktaba gani ya programu huria, na uanzie wapi

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Kigoma mjini, nimemaliza stashahada ya kompyuta. Tuko watano, kila asubuhi tunakusanya bei za dagaa na migebuka katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji. Tunaandika kwenye daftari, jioni tunahamishia kwenye Excel. Sasa wafanyabiashara wanataka kuziona bei kwenye simu, kuna ofisi inataka ziingie zenyewe kwenye Excel yao, na jamaa mmoja wa Bujumbura anataka azivute kwenye mfumo wake. Mmoja kaniambia nitumie OData na Apache Olingo. Mwingine anasema OData imepitwa na wakati, nitumie GraphQL. Wa tatu anasema FastAPI inatosha. Mimi wasiwasi wangu mkubwa ni hizi maktaba za bure. Mwenyewe akija kudai hela je? Akiacha kuzishughulikia? Na mtandao wetu ulivyo wa kukatika, hiyo huduma itasimama kweli? Nikimaliza, nifungue msimbo wangu au niufiche?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ninavyoona, kinachokukosesha raha si OData wala GraphQL, ambazo ni njia mbili za kuomba data kupitia mtandao. Unaogopa kuweka jasho lako na la wenzako juu ya kitu cha mtu mwingine, halafu siku moja mwenyewe akiondoe. Hofu hiyo ni ya haki, basi tuianze hiyo.

Wengi husikia "bure" wakadhani programu huria haina mwenyewe. Inaye. Hakimiliki iko palepale, na leseni ndiyo ruhusa aliyokupa ya kuitumia bila kumlipa, kwa masharti aliyoyaandika. FastAPI, maktaba ya Python ya kujengea huduma za mtandaoni, iko chini ya leseni ya MIT, ambayo masharti yake ni mepesi: ukisambaza nakala ya msimbo, usiondoe tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Apache Olingo, maktaba ya kujengea huduma za OData, iko chini ya leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004. Hiyo inaongeza kwamba waliochangia wanakupa pia ruhusa ya hataza zao (haki za uvumbuzi), na inasema kwa maandishi kuwa ruhusa ya hakimiliki ni ya kudumu na haibatilishwi. Leseni ya kuisoma kwa utulivu ni AGPL ya 2007, kwa sababu wewe unajenga huduma ya mtandaoni: ukiurekebisha msimbo ulio chini ya AGPL na watu wakautumia kupitia mtandao, watu hao wana haki ya kupewa msimbo ulioutengeneza. Si kosa kuitumia. Ila uwe umejua kabla hujaanza, usije ukajua siku ofisi inakuomba mkataba.

Kwa hiyo mwenyewe kukudai hela kwa toleo ulilokwisha kupewa kihalali, na unatimiza masharti yake, hilo liondoe moyoni. Kinachotokea kweli ni kingine: mwenye programu hubadilisha leseni ya matoleo yajayo. Programu maarufu za seva zimefanya hivyo: Elasticsearch 2021, Terraform 2023, Redis 2024. Tazama kilichofuata kila mara. Watu walichukua toleo la mwisho lililokuwa huria wakaliendeleza kwa jina jingine, na ndiko zilikotoka OpenSearch, OpenTofu na Valkey. Waliokuwa wakitumia matoleo ya zamani hawakufungiwa mlango usiku mmoja. Walipata muda wa kuamua.

Hofu yako ya pili, ya maktaba kutelekezwa au kuharibika, hiyo ndiyo ya kuichukulia hatua. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi kidogo kinachoitwa left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa kwa sababu ilikitegemea, mingine bila hata kujua. Desemba 2021 likaonekana tundu la usalama ndani ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, na ofisi zikahangaika kutafuta ni programu zao zipi zilizokuwa nayo ndani. Mafunzo hapa ni ya kikazi kabisa. Andika orodha ya kila unachokitegemea pamoja na namba kamili ya toleo. FastAPI kwa mfano kwa miaka mingi imekuwa ikitoa matoleo yanayoanza na sifuri, maana yake toleo dogo linaweza kubadilisha jambo, basi usiache usakinishaji ujichagulie lolote jipya. Vifurushi vyenyewe vishushe mara moja kwa amri ya pip download (pip ni kisakinishi cha Python), uvihifadhi kwenye diski yako. Utaokoa bando, na siku chanzo kikipotea, nakala unayo. Kisha kila mwezi endesha pip-audit ikuonyeshe kama kuna toleo lenye tundu linalojulikana.

Na kabla ya kuchagua maktaba yoyote, fungua hazina yake, yaani mahali msimbo wake unapowekwa mtandaoni, uangalie mambo ambayo hayahitaji utaalamu: toleo la mwisho lilitoka lini, wanaoidhinisha mabadiliko ni wangapi, na mtu akileta tatizo anajibiwa au anaachwa hewani. Maktaba yenye nyota elfu nyingi na mtunzaji mmoja aliyechoka ni hatari kuliko ile isiyo na sifa lakini inajibu. Nenda na kigezo hicho kwa Olingo, kwa FastAPI, kwa yoyote nitakayoitaja hapa.

Sasa mabishano ya rafiki zako watatu. Kila mmoja amekutajia kifaa kabla ya kukuuliza nani atasoma data. Mimi nitaanzia hapo, kwa sababu uamuzi wote unatoka hapo. Wasomaji wako ni watatu na hawafanani hata kidogo. Mfanyabiashara ana simu, ana bando la kuhesabu, anataka bei ya leo ya mwalo mmoja. Ofisi ina mtu wa Excel anayetaka jedwali zima la mwezi. Jamaa wa Bujumbura ana programu inayokuja kuvuta yaliyobadilika tu tangu jana, saa ambayo wewe umelala.

OData ilizaliwa kwa ajili ya msomaji kama huyo wa pili. Ilianzia Microsoft mwaka 2007, toleo la 4 likapitishwa kuwa kiwango na shirika la viwango la OASIS mwaka 2014, na 2016 likaingia kwenye viwango vya kimataifa vya ISO. Anayesema imepitwa na wakati hajaingia kwenye ofisi za fedha na za serikali, ambako mifumo mikubwa bado inazungumza lugha hiyo, na Excel yenyewe ina mahali pa kubandika anwani ya OData ikavuta jedwali. Wazo lake ni kwamba swali liandikwe ndani ya anwani, kwa utaratibu mmoja unaojulikana na wote:

`/Bei?$filter=mwalo eq 'Kibirizi' and aina eq 'migebuka'&$orderby=tarehe desc&$top=10`

Hapo msomaji ameomba bei 10 za mwisho za migebuka wa Kibirizi, kuanzia mpya kwenda za zamani. Hakukuomba umtengenezee mlango wake maalumu. Kesho akitaka Katonga, anabadilisha neno moja.

Nyuma ya mstari huo kuna kazi nne, na ukizielewa hutadanganywa na tangazo la maktaba yoyote. Kwanza anwani inachambuliwa neno kwa neno. Pili inalinganishwa na metadata, yaani waraka unaopatikana kwenye /$metadata unaosema huduma yako ina majedwali gani, safu zipi, na kila safu ni ya aina gani. Kama hakuna safu inayoitwa "mwalo", ombi linakataliwa hapohapo. Tatu, ombi linageuzwa kuwa swali la SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, kwenye kanzidata yako. Nne, majibu yanapangwa kwa JSON, maandishi ya data ambayo programu nyingi huyasoma, kwa umbo lililokubaliwa, na kama ni mengi yanakatwa kurasa, kila ukurasa ukibeba kiungo cha unaofuata.

Wengi hudhani maktaba ya OData inafanya zote nne. Apache Olingo, ambayo ni ya Java, inakufanyia ya kwanza, ya pili na ya nne vizuri sana. Ile ya tatu, kuunganisha na kanzidata, kwa toleo la 4 kimsingi imekuachia wewe: unapewa ombi likiwa limechambuliwa tayari, na ni juu yako kuandika msimbo wa kuleta data. Ndiyo sababu watu hukaa wiki nzima na mfano wa kwanza. Kwa anayeandika C#, maktaba huria ya Microsoft ya OData kwa ASP.NET Core ikishirikiana na Entity Framework Core, inayounganisha programu na kanzidata, inageuza hadi SQL, na kazi inakuwa nyepesi kweli. Kwa Python, utakachokutana nacho zaidi ni maktaba za upande wa kusoma, kama pyodata ya SAP, ambayo imejengwa kwa ajili ya OData toleo la 2. Shika hilo toleo la 2, nitalirudia chini kidogo.

GraphQL ni kitu kizuri chenye mahali pake. Facebook waliitengeneza kwa matumizi yao ya ndani mwaka 2012 wakaifungua kwa wote 2015, na tatizo walilokuwa nalo ni aplikesheni ya simu inayohitaji vitu vingi vilivyofungamana kwa safari moja: mtu, rafiki zake, picha zao, maoni ya picha. Wewe una majedwali matatu: mialo, aina za samaki, na bei. Ukiweka GraphQL, mtu wa Excel atahitaji msaada kila mara, na maombi mengi yatakwenda kwa njia ya POST kwenye anwani moja, hivyo unapoteza akiba ya majibu ambayo HTTP inakupa karibu bure. Kwa hali yako mimi siipendekezi.

FastAPI, iliyotoka 2018, haikupi lugha ya maswali iliyo tayari. Milango unaiandika mwenyewe: /bei/leo, /bei?mwalo=katonga. Faida yake ni kwamba inakagua data inayoingia, na inaandika yenyewe maelezo ya huduma kwa kiwango cha OpenAPI, ambacho zamani kiliitwa Swagger. Jamaa wa Bujumbura akipewa maelezo hayo anaweza kujitengenezea msimbo wa kusoma huduma yako bila kukupigia simu. Hasara yake ni kwamba kila swali jipya la ofisi ni mlango mpya wa kuandika.

Kwa hiyo rafiki yako wa tatu amekaribia. Lakini kuna kitu ambacho hakuna kati yao aliyekutajia, na mimi ndicho ningeanza nacho ningekuwa wewe: usiandike sehemu ya kukusanya kabisa. Chukua ODK, mradi huria wa kukusanya data kwa fomu za simu, ulioanza 2008 Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Makarani wako waweke ODK Collect kwenye simu zao za Android, wajaze fomu pale mwaloni hata kama hakuna mtandao, na mtandao ukipatikana njiani fomu zinaondoka. Upande wa seva unaweka ODK Central, ambayo tayari inatoa data kwa OData toleo la 4. Yule mtu wa Excel ofisini unampa anwani na nenosiri lake, anavuta. Hujaandika mstari hata mmoja wa OData.

Nikuambie na mipaka yake. Central haikubali kuchuja kwa kila safu ya fomu yako. Uchujaji wake umejikita kwenye mambo ya mfumo, kama tarehe fomu ilipopokelewa na hali ya ukaguzi. Pia si mahali pa kuelekeza wafanyabiashara mia tano wafungue kwa pamoja asubuhi. Basi weka kati yao na wewe ngazi ya pili: programu fupi inayovuta fomu mpya kutoka Central kila baada ya dakika 15, inazikagua, inaziweka kwenye kanzidata ya PostgreSQL, na FastAPI inatoa kutoka hapo kwenda kwenye simu na kwenda Bujumbura. Kwa kuvuta huko usichukue pyodata, kwa sababu ya lile toleo la 2 nililokuambia. Na wala huhitaji maktaba maalumu. OData toleo la 4 ni JSON inayopita juu ya HTTP ya kawaida, maktaba ya kawaida ya Python kama requests au httpx inatosha, unafuata kiungo cha ukurasa unaofuata hadi kisiwepo.

Hapo utakuwa mtoaji na msomaji kwa wakati mmoja, na utaona kwa macho yako kwamba sehemu ngumu haikuwa maktaba. Ngumu ni kukubaliana data ina maana gani. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo huduma nyingi za bei hufa watu wakiwa wamezichoka.

Bei ya dagaa ni bei ya nini? Kwa kilo, kwa sado, kwa gunia? Wabichi au wakavu? Waliokaushwa kwenye mchanga au kwenye chanja? Mfanyabiashara wa Ujiji anajua kwa kutazama, mashine haijui. Usiweke safu moja inayoitwa "bei". Weka kiasi kwa shilingi kama namba nzima, weka sarafu kwenye safu yake, kipimo kwenye safu yake, hali ya samaki kwenye safu yake, na kila safu iwe na orodha fupi ya majibu yanayoruhusiwa. Bila hivyo karani mmoja ataandika "sado", mwingine "Sado moja", wa tatu "kisado", na ukijumlisha utapata takataka. Sado usiigeuze kuwa kilo kwa kukisia, kwa kuwa uzito wake unabadilika kufuatana na ukavu wa dagaa. Toa ulichopewa, anayetaka kugeuza ageuze mwenyewe akijua anachofanya.

Halafu kuna sifuri. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu ulifungwa. Kila mwezi pia mbalamwezi ikiwaka sana, wavuvi wa dagaa wanaotegemea taa hupumzika. Siku hizo utaandika nini? Ukiandika 0, programu ya Bujumbura itahesabu kwamba dagaa waligawiwa bure, na wastani wa mwezi utaanguka. Ukiruka siku, hakuna atakayejua kama ziwa lilifungwa au karani aliugua. Hali tatu tofauti zinahitaji majibu matatu tofauti: bei ipo, hakukuwa na samaki, hatukukusanya. Weka safu ya hali, na bei iachwe tupu kabisa katika hizo mbili za mwisho. OData na JSON zote zina namna ya kusema "hakuna thamani", itumie.

Saa nayo. Karani akiandika kwamba mitumbwi ilifika saa 11, anasema alfajiri. Kompyuta ikisoma 11:00, hiyo kwetu ni saa tano asubuhi, soko limekwisha. Mwache karani asiandike saa kwa mkono, simu ijaze yenyewe fomu inapofunguliwa, na uihifadhi pamoja na majira yake, kwa umbo kama `2025-06-14T05:40:00+03:00`. Ile +03:00 mwishoni si pambo. Bujumbura, Kalemie na Mpulungu wako nyuma yetu kwa saa moja, ziwa ni lilelile. Bila alama hiyo, fomu iliyojazwa hapa baada tu ya saa sita usiku inaweza kuangukia tarehe nyingine kwa jirani yako.

Yakishakubaliwa haya, yaandike kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili na uutoe pamoja na huduma. Na ukishautoa, heshimu. Kuongeza safu mpya hakumsumbui mtu, lakini ukibadilisha jina la safu au maana yake umevunja programu ya mtu usiyemwona. Ndiyo maana anwani iwe na /v1/ tangu siku ya kwanza, ili siku ya mabadiliko makubwa uanzishe /v2/ na ya zamani iendelee kwa muda uliotangaza.

Mtandao kukatika. Huduma yako itasimama, kwa sharti kwamba kila upande unajua mwenzake atapotea. Seva usiiweke sebuleni kwako. Umeme ukienda na mtandao ukienda, watu wote wanakosa kwa pamoja. Kodi seva ndogo kwenye kituo cha data, na Kigoma zibaki simu zinazojua kusubiri.

Hatari kubwa ya mtandao wa kukatika si kukosa data, ni kuipata mara mbili. Simu inatuma bei, seva inapokea na kuhifadhi, jibu la "nimepokea" linapotea njiani. Simu inaona kimya, inatuma tena. Sasa una bei ileile mara mbili. Dawa yake ni kila fomu kupewa kitambulisho cha pekee na simu yenyewe kabla ya kutumwa, na kanzidata ikatae kitambulisho kilekile mara ya pili. ODK tayari inafanya hivyo. Ukija kuandika milango yako ya kupokea, fanya vivyo hivyo.

Upande wa kusoma, kumbuka kwamba maktaba ya requests usipoiambia muda wa kusubiri, itasubiri bila mwisho, na programu yako ya kila dakika 15 itaganda usiku kucha bila kulalamika. Weka sekunde 20 au 30. Ikishindwa ijaribu tena, lakini kila mara isubiri zaidi ya mara iliyopita, na iongeze sekunde chache za kubahatisha ili wasomaji wote wasirudi kwa mpigo seva inapoamka. Kwa ajili ya bando la wafanyabiashara, seva ikandamize majibu kwa gzip na itoe ETag, ambayo ni alama ya toleo la jibu. Simu ikirudi na alama ileile na bei hazijabadilika, inajibiwa 304 bila mzigo wowote. Na usiruhusu ombi lolote lilete kila kitu. Weka ukomo, tuseme mistari 200 kwa ukurasa, hata kama aliyeomba ni ofisi. Anayetaka mwaka mzima mpe faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, linalotengenezwa kila usiku, na Excel inalisoma moja kwa moja kutoka kwenye anwani. Kwa ofisi nyingi hilo faili peke yake linamaliza hoja, kabla hata ya OData.

Kuna mambo ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma jibu langu. Kama fomu zenu zina jina au namba ya simu ya mvuvi, mama anayeanika dagaa au dalali, basi mnashika taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawahusu. Wasiliana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili, na kabla ya kumpa mtu wa nchi nyingine chochote kinachomgusa mtu, kaa na mwanasheria. Njia nyepesi zaidi ni kutoyakusanya kabisa: huduma ya bei haihitaji jina la mtu. Pia nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri na kwa viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wa kila mwalo, ana kwa ana, mkiwa na ule ukurasa wa Kiswahili mkononi. Nao wanaandika takwimu zao, na mkipishana bila kuelewana, wavuvi wataacha kuwajibu makarani wako. Wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wa kituo cha Kigoma wanaweza kukusaidia majina sahihi ya aina za samaki, maana "dagaa" wa ziwani kwetu ni zaidi ya aina moja. Na siku wafanyabiashara wakitaka kulipana kupitia aplikesheni yako, simama hapo. Tafuta mtu wa usalama wa mifumo akae nawe kwenye kompyuta moja na aupitie msimbo kabla ya shilingi ya kwanza kupita.

Swali lako la mwisho, ufungue msimbo au uufiche. Mimi ningefungua. Kinachowafanya watu waje kwako ni makarani wanaoamka alfajiri kila siku, na hilo halinakiliwi kwa kushusha hazina. Mtu wa Kalemie au Sumbawanga akiuchukua msimbo wako, huenda akakurudishia marekebisho. Weka faili la leseni, MIT au Apache 2.0, kwa sababu msimbo uliowekwa hadharani bila leseni kisheria haujaruhusiwa kutumiwa na yeyote. Manenosiri na funguo za seva zikae nje ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo, tangu mwanzo, kwani ukizifuta baadaye zinabaki kwenye historia, na ufunguo uliokwisha kuonekana dawa yake ni kuubadilisha. Jua pia kwamba leseni ya msimbo haigusi bei zenyewe. Hizo zipe leseni yake, mfano CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kuzitumia mradi ataje zimetoka kwenu. Na hilo la kutajwa kubaliana na wenzako wanne kwanza, kwa maandishi, kwa sababu data hizo ni kazi yao kama zilivyo zako.